Juma Moja Cahors: Mvinyo Mweusi na Mafuta ya Bata

Siku ya kwanza, Jumamosi

Treni ya asubuhi kutoka Toulouse, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ilitufikisha Cahors baada ya muda wa zaidi kidogo ya saa moja, na nilipoteremka jukwaani baridi ya Januari ilinipiga usoni kama maji. Nilikuwa na dada yangu, ambaye ameolewa Toulouse na mzaliwa wa bonde la mto Lot. Shemeji mwenyewe alikuwa ametangulia kwa wazazi wake tangu Ijumaa. Mimi ni mpishi, kazi yangu iko Dar es Salaam, lakini nimezaliwa Hombolo, Dodoma, katika nyumba iliyosomesha watoto kwa zabibu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapangia wageni vyakula vya kuliwa pamoja na mvinyo mwekundu wa Ufaransa bila kuwahi kuushika mzabibu wa huko hata mmoja. Nilichagua Cahors kwa sababu mvinyo wake ulikuwa umenishinda. Ni mzito, rangi yake inakaribia weusi, Waingereza wa zamani waliuita hivyo hivyo, mvinyo mweusi, na wageni wengi niliowamiminia waliusukuma kando baada ya funda moja. Nilitaka kujua wenyewe wanaunywa pamoja na chakula gani.

Mji umekaa ndani ya kitanzi cha mto, maji yakiuzunguka pande tatu. Tulikwenda moja kwa moja sokoni, mbele ya kanisa kuu la Saint-Étienne lenye kuba mbili, ambako soko hufanyika Jumatano na Jumamosi. Nilitegemea kuona mvinyo kwanza, lakini majira haya ya baridi kinachotawala ni bata. Meza baada ya meza zilikuwa zimepangwa bata wanono: mapaja upande wake, vidari upande wake, maini ya rangi ya krimu yamelala kwenye karatasi, firigisi kwenye bakuli, mifupa ya kuchemshia supu ikiuzwa kwa bei ya chini, na mafuta meupe yamejazwa katika mitungi ya kioo kama samli. Pembeni kulikuwa na jozi kutoka mashamba ya kaskazini, na vijibini vidogo vya maziwa ya mbuzi, vyembamba na vya mviringo, kila kimoja cha uzito wa takriban gramu 35, viitwavyo Rocamadour. Dada alinunua mapaja manne ya bata. Aliniambia, "Mdogo wangu, ukiyaelewa mafuta haya utakuwa umeuelewa mvinyo," na sikumjibu, kwa kuwa nilidhani anasema tu.

Alasiri tulivuka daraja la Valentré, lenye minara mitatu, lililoanza kujengwa mwaka 1308 na kuchukua karibu miaka 70. Mapipa ya mvinyo yalikuwa yakipita katika mto huu kwa mashua bapa, kuufuata Lot hadi unapoingia Garonne, na kisha Garonne hadi bandari ya Bordeaux. Nilisimama katikati ya daraja nikitazama maji ya kijani yaliyojaa mvua, nikajaribu kuyawazia mapipa hayo.

Usiku, katika chumba tulichopanga, nilifungua chupa ya kwanza. Ilikuwa ya miaka miwili, tuliyoinunua sokoni kwa bei isiyofika euro kumi. Nilipoinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe sikuweza kuona vidole vyangu upande wa pili. Ni ukingoni tu, pale mvinyo unapokuwa mwembamba, ndipo palipoonekana rangi ya zambarau, ile inayobaki ulimini mtoto anapotoka kuokota matunda chini ya mti. Harufu yake ilinifurahisha: matunda meusi, forosadi, kidogo maua ya urukususu. Kisha nikanywa. Ukakasi ulinishika ulimi, ufizi na ndani ya mashavu kana kwamba nimetafuna bibo bichi, na kinywa kikakauka kabisa. Nilirudia mara tatu, nikaandika katika daftari langu kwamba huu ni mvinyo mgumu usio na adabu kwa mnywaji. Dada alisoma sentensi hiyo, akaniomba nisiikate wala nisiiongeze mpaka kesho.

Siku ya pili, Jumapili

Wazazi wa shemeji wanaishi katika nyumba ya mawe nje ya Luzech, magharibi mwa mji, mahali ambapo mto umejikunja hadi karibu ukutane na mkondo wake wenyewe. Tuliingia saa tano, na jikoni palikuwa na joto na harufu ya kabichi. Mama yake shemeji alinibusu mashavu yote mawili, akanifunga aproni bila kuniuliza, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba mimi ni mpishi.

Paja la bata lililohifadhiwa katika mafuta, ambalo wao huliita konfi, ni chakula kisicho na siri yoyote ila subira. Mapaja hupakwa chumvi ya mawe na kulazwa usiku mzima, yakasafishwa asubuhi, kisha yakapikwa polepole ndani ya mafuta ya bata huyohuyo kwa saa mbili au tatu, moto ukiwa mdogo kiasi kwamba mafuta yanatetemeka tu bila kutokota. Baadaye nyama hupangwa katika mtungi na kufunikwa na mafuta hayo, ambayo yakiganda huzuia hewa, na nyama hukaa miezi. Nilipomweleza mama kwamba Wasomali na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wana nyirinyiri, nyama inayokatwa vipande vidogo, kukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta kwa safari ndefu, aliacha kazi aliyokuwa nayo akaniuliza ni mafuta ya mnyama gani na hukaa muda gani. Maswali yake yalikuwa ya mtu wa kazi.

Alichimba mapaja manane kutoka mtungini kwa mkono, akayakung'uta, akayalaza katika kikaango kizito, ngozi ikiwa chini. Hakuongeza kitu. Mafuta yaliyokuwa yameshikamana na nyama yalianza kuyeyuka yenyewe, ngozi ikalia, na baada ya robo saa ilikuwa imekakamaa na kugeuka rangi ya asali iliyokolea. Katika mafuta yaliyobaki alikaanga viazi vilivyokatwa vyembamba, na mwishoni akatupia kitunguu saumu kilichopondwa.

Kabla ya bata ililetwa supu ya kabichi, karoti, maharage meupe na mifupa. Babu wa nyumba, aliyekuwa hajasema mengi, alipobakiza vijiko vichache vya mchuzi katika bakuli lake alichukua chupa, akamimina mvinyo mweusi ndani yake kiasi cha nusu glasi, akazungusha, akaliinua bakuli kwa mikono miwili na kulinywa lote. Desturi hiyo huitwa chabrot, na ni ya wakulima wa kusini-magharibi ya Ufaransa tangu zamani. Nilifanya kama yeye. Mchuzi wa moto wenye chumvi na mafuta kidogo uliupokea mvinyo, ukaupa uvuguvugu, na ule ukali ulioniudhi jana sikuuona. Nikadhani ni joto la supu.

Lakini lilipofika paja la bata nilielewa kwamba halikuwa joto tu. Nilikula kipande cha nyama pamoja na ngozi yake, mafuta yakatanda kinywani kote, kisha nikanywa funda la mvinyo uleule, wa shamba lilelile na mwaka uleule na chupa ya jana. Ukakasi ulikuja, ukayakamata mafuta, ukaondoka nayo. Kinywa kilibaki safi, tunda likajitokeza, na nikawa na hamu ya kipande kingine, ambacho nacho kiliita funda jingine. Nilikula bila kuzungumza kwa muda mrefu.

Sayansi ya jambo hili naifahamu, na leo nimeionja. Ukakasi unatokana na tanini, ambazo zimo katika maganda na mbegu za zabibu. Zikiingia kinywani peke yake huzishika protini za mate, na mate yakishapoteza ulaini wake ulimi unakwaruza. Kukiwa na nyama, tanini hupata protini nyingine za kushika, mafuta nayo huufunika ulimi kama utando, na chumvi hupunguza uchungu. Yaani kile ninachokihesabu kuwa kasoro ya mvinyo huu ni mkono wake wa kufanyia kazi, nami nilikuwa nimeupa mkono huo kazi ya kunikwaruza mimi. Sisi tunaoishi pwani tunalijua hili kwa njia nyingine: hakuna anayeihukumu kahawa chungu ya muuza kahawa wa jioni kabla ya kuuma kashata au halua.

Nimeikata ile sentensi ya jana.

Siku ya tatu, Jumatatu

Shemeji alinichukua kwa gari kufuata mto kuelekea chini, kupitia Albas na Prayssac hadi Puy-l'Évêque, na njiani aliniita "shemeji" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa furaha ya kulijua neno. Mto Lot hapa haujui kwenda moja kwa moja. Unapiga kona, unarudi, unapiga nyingine, na kila kona upande mmoja kuna jabali la chokaa lililosimama wima na upande wa pili kuna ardhi iliyoinuka kwa ngazi pana. Ngazi hizo ndizo watu wa mvinyo wanazozihesabu. Ya chini kabisa, karibu na maji, ina udongo wenye rutuba ulioletwa na mto, na zabibu zake hutoa mvinyo mlaini wa kunywewa mapema. Zinazofuata juu yake zina changarawe na mfinyanzi, maji hupita haraka, mzabibu hupata shida kidogo, na mvinyo wake una mwili zaidi. Juu ya yote, kufikia mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna uwanda wa mawe ya chokaa ambako baridi ni kali zaidi na zabibu huchelewa kuiva. Mvinyo wa huko una ukakasi na uchachu uliosimama imara, na ndio unaodumu.

Mkulima mmoja, rafiki wa baba yake shemeji, alikuwa akipogoa kwenye ngazi ya tatu. Aina ya zabibu zake ni Malbec, ambayo wenyeji bado huiita Côt au Auxerrois. Sheria ya jina la Cahors, iliyotolewa mwaka 1971, inataka angalau asilimia 70 ya mvinyo iwe Malbec, na kinachobaki kiwe Merlot au Tannat. Mvinyo mweupe au wa rangi ya waridi hauruhusiwi kubeba jina hilo. Mzee alinipa mkasi, akanionyesha mzabibu ulioachwa na matawi kama kumi na mawili yaliyojisokota kwenye waya. Tuliyaondoa yote isipokuwa mawili. Moja, refu, lilibakiwa na macho manane, yaani vichipukizi, likainamishwa taratibu na kufungwa kwenye waya wa chini. Jingine lilikatwa fupi, likabaki na macho mawili kwa ajili ya mwaka utakaofuata. Mkato unatakiwa uelekee upande usio na jicho, ili maji ya mti yakianza kutoka wakati wa majira ya kuchipua yasilidondokee. Nilikosea mara ya kwanza. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kidogo, akaachia.

Nilimweleza kwamba kwetu Dodoma tunapogoa ili kuuamsha mzabibu, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza usingizi, na ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati wao huvuna mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Alilifikiria jambo hilo kwa muda, akasema kwamba mavuno mawili ni hofu mbili. Hofu yake yeye ni barafu. Februari mwaka 1956 baridi ilishuka kwa namna ambayo karibu mizabibu yote ya bonde hili ilikufa, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1870, mdudu wa mizizi aitwaye filoksera alikuwa ameiangamiza mizabibu ya mababu zao. Mashamba ninayoyaona leo, kwa sehemu kubwa sana, yamepandwa upya baada ya 1956. Malbec yenyewe ni aina dhaifu mbele ya baridi ya majira ya kuchipua, na hata ikiponyoka, maua yake huweza kupukutika bila kufunga matunda iwapo hali ya hewa ni mbaya mwezi Juni. Nilipouliza kwa nini basi hawakupanda kitu kingine, alionyesha kwa mkasi upande wa nyumba yake, akasema bata wangeliwa pamoja na mvinyo gani.

Matawi tuliyoyakata aliyafunga matita na kuyaegemeza ukutani. Nilidhani ni ya kuwashia moto wa jikoni tu. Shemeji alichukua tita moja, akaliweka kwenye buti la gari, akasema ni la Ijumaa.

Siku ya nne, Jumanne

Lalbenque, kusini mwa Cahors, ni kijiji ambacho kila Jumanne kuanzia Desemba hadi Machi huuza uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni, ule unaoitwa trufi. Wauzaji husimama mstari mmoja barabarani, kila mmoja na kikapu chake kilichofunikwa kitambaa. Wanunuzi huinama, hunusa, huzungumza kwa sauti ya chini, na bei haitangazwi. Niliinamia kikapu kimoja nikaivuta harufu ya udongo uliolowa, kitunguu saumu na kitu kingine kama ngozi ya mnyama, harufu ambayo ilinifuata hadi kwenye gari.

Vikapu huuzwa vizima, kwa hiyo kwa watu kama sisi kuna meza ya reja reja. Dada alilipia kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa limau dogo, na nyumbani tukakifungia katika mtungi pamoja na mayai tisa mabichi. Ganda la yai lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na harufu hupenya hadi kwenye kiini. Kesho tutaona.

Siku ya tano, Jumatano

Leo tumeshinda ndani ya ghala la mvinyo, kwa mkulima yuleyule wa Jumatatu, na nimeandika kurasa nyingi kuliko siku nyingine yoyote.

Weusi wa Cahors umo kwenye ganda. Nyama ya zabibu ya Malbec ni nyeupe. Ukiikamua ukaondoa maganda mara moja utapata juisi isiyo na rangi ya maana. Kwa hiyo zabibu zilizopondwa huachwa zichachuke pamoja na maganda yake kwa majuma mawili, matatu, wakati mwingine zaidi, na juisi huvutwa kutoka chini ya tangi na kumwagwa tena juu ya maganda yanayoelea, ili iendelee kuchota rangi na tanini. Baadaye mvinyo wa mashamba ya juu huingizwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 na kukaa humo mwaka mmoja au zaidi. Mzee alizibua pipa moja akanipa ninuse, nikashtuka kwa kuwa nilikuwa kama nimesimama Unguja wakati wa kuanika karafuu. Si mawazo tu: mbao za mwaloni zilizochomwa kidogo kwa ndani hutoa eujenoli, ile dutu ileile inayoipa karafuu harufu yake. Pipa pia hupitisha hewa kidogo kidogo, na hewa hiyo huzifanya tanini zishikane zenyewe kwa zenyewe na kupungua makali.

Zamani walikuwa na njia kali zaidi. Sehemu ya juisi ilichemshwa hadi ikawa nzito, ikachanganywa na iliyobaki, na mvinyo ukatoka mweusi kama wino. Ulisafiri vizuri, na ulianza kusafiri mapema: baada ya Eleanor wa Aquitaine kuolewa mwaka 1152 na Henry, aliyekuwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye, soko la Uingereza lilifunguka kwa mivinyo yote ya kusini-magharibi. Tatizo la Cahors lilikuwa Bordeaux. Mapipa yote yalilazimika kupita katika bandari ile, na wenye bandari walikuwa na haki ya kuuza mvinyo wao kwanza, wakati ule wa bara ukizuiwa njiani hadi wanunuzi wa msimu waondoke. Haki hiyo ilifutwa mwaka 1776 na waziri Turgot, baada ya karne kadhaa. Naliona jambo hili kuwa dhuluma ya wazi, na nadhani ndilo linaloeleza kwa nini Bordeaux inajulikana na kila mhudumu wa hoteli huku Cahors ikihitaji kuelezwa. Na bado jina lilifika mbali: katika Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi mvinyo wa ibada huitwa Kagor hadi leo, na asili ya neno ni mji huu. Mzabibu wenyewe nao ulihama. Mfaransa Michel Pouget aliupeleka Argentina mwaka 1853, ukastawi kwenye jua la Mendoza, na huko hutoa mvinyo mnene na mtamu wa matunda ambao mtu anaweza kuunywa bila chakula. Naupenda, lakini hauna mkono ule wa Jumapili.

Jioni mzee alitualika, nasi tukaja na mtungi wa mayai. Alileta chupa ya mwaka 2000 iliyokuwa imesimamishwa tangu jana yake ili mashapo yatue. Aliwasha mshumaa, akaushika mgongo wa chupa mbele ya mwali, na kuanza kumimina ndani ya jagi la kioo kwa mkondo mwembamba usiokatika. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mvinyo ukipita shingoni mwa chupa ukiwa safi, mwekundu wa matofali, halafu uzi mweusi wa mashapo ukaanza kutambaa kutoka tumboni kuelekea shingoni. Ulipofika begani akaacha. Mashapo yale ni tanini na rangi zilizoshikana kwa miaka zaidi ya 20 hadi zikawa nzito na kuzama. Kilichobaki juu kilikuwa mvinyo mwingine kabisa, laini, wenye harufu ya plamu zilizokaushwa, tumbaku na majani ya msitu baada ya mvua.

Mkewe alikaanga mayai kwa mafuta ya bata, moto mdogo, katikati yakiwa bado yanateleza, akakwangulia trufi juu yake. Kwa mvinyo mchanga chakula hiki kingepotea, nina hakika, maana yai halina mafuta wala nyama ya kutosha kuupa ukakasi kazi. Kwa mvinyo ule mzee vilikutana harufu kwa harufu. Tulikunywa glasi moja moja, polepole, na mzee alikuwa akitutazama nyuso.

Siku ya sita, Alhamisi

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupika, nami nilitaka kuwashukuru wenyeji kwa chakula cha kwetu. Nilipata vibua wazuri kwa muuza samaki, nikapata nazi ya kopo, ndimu na pilipili, nikawatengeneza wa kupaka. Samaki walitoka kama nilivyotaka. Mvinyo uliokuwa mezani ulikuwa Cahors, kwa kuwa katika nyumba hii hakuna mwingine, na nilipokunywa funda baada ya tonge la kwanza nilipata ladha ya msumari. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuzalisha ladha hiyo ya shombo na chuma, na vibua ni miongoni mwa samaki wenye mafuta mengi. Pilipili nayo iliwaka maradufu, kwa sababu kileo cha mvinyo na ukakasi wake huuchochea ukali badala ya kuutuliza. Nilifadhaika, kwani nilikuwa nikiyajua yote mawili kabla sijawasha jiko. Dada alisimama bila neno, akaondoa glasi, akaleta maji na chupa ya mvinyo mweupe wa Gascogne kutoka kwa jirani, na samaki wakaliwa hadi miiba.

Baada ya chakula tulijaribu jibini. Rocamadour kile kichanga, chenye uchachu wa maziwa ya mbuzi, kiligombana na mvinyo, ingawa wenyeji hawakubaliani nami na wanakula hivyo tangu utotoni. Kilinyooka kilipowekwa juu ya mkate pamoja na jozi, kwa kuwa ngozi ya jozi ina ukakasi wake na mafuta yake. Cantal iliyokomaa, jibini gumu la ng'ombe kutoka milima iliyo kaskazini-mashariki, ilikwenda vizuri zaidi kuliko zote. Keki ya tufaha yenye tabaka nyembamba kama karatasi ililiwa bila mvinyo, na nilikubaliana nao mara moja: sukari huufanya mvinyo huu kuwa mchungu.

Siku ya saba, Ijumaa

Treni yetu ilikuwa ya jioni. Saa sita mchana shemeji alilitoa lile tita la matawi ya mzabibu, akalitandaza katika meko ya mawe uani na kuliwasha. Matawi hayo huwaka kwa haraka na kwa mwali mrefu, yakitoa moshi mwepesi wenye utamu, na baada ya dakika chache huwa makaa madogo mekundu yasiyodumu. Mama alikuwa ameandaa mbavu za kondoo wa uwanda wa chokaa, kondoo weupe wenye miduara myeusi kuzunguka macho kana kwamba wamepakwa wanja, ambao hula majani makavu na mimea yenye harufu inayoota kati ya mawe. Aliziweka chumvi tu. Kila ubavu ulikaa dakika mbili upande mmoja na mbili upande wa pili, mafuta yakidondoka na kuurusha mwali, ukingo ukaungua kidogo huku ndani kukibaki na rangi ya waridi.

Tulikula kwa mikono, tukiwa tumesimama karibu na moto. Babu alimimina mvinyo wa mashamba ya juu, wa miaka sita, uliofunguliwa tangu asubuhi ili upate hewa, usiwe wa joto la jikoni wala wa baridi ya nje. Aliuweka kwenye korido, ambako alikisia kuna nyuzi 17 hivi. Baada ya juma zima naweza kusema kwamba hapa ndipo mvinyo huu ulipokaa sawasawa kuliko mahali pengine popote: mafuta ya kondoo yalikuwa ya kutosha kuushughulisha ukakasi, moshi ulikutana na harufu ya pipa, na uchungu mdogo wa ukingo ulioungua ulilifanya tunda lionekane tamu. Bata wa Jumapili alinifundisha, lakini ningechagua kondoo huyu.

Mama aliniuliza Dodoma tunakula nini siku ya furaha. Nikamwambia mbuzi wa kuchoma. Akauliza matawi ya mizabibu tukishayapogoa tunayafanyia nini, nami nikalazimika kumwambia kwamba baba huyarundika pembezoni mwa shamba na kuyachoma bure, mara mbili kila mwaka. Alinitazama kwa huzuni ya kweli, akauliza shamba la baba lina ukubwa gani. Nilipomwambia ni ekari mbili, alianza kuhesabu kwa vidole idadi ya matita.

Kwenye treni nilimpigia simu baba. Kule ilikuwa usiku, na alikuwa amekwisha kula. Nilimwomba kwamba msimu huu akipogoa asiwashe moto mpaka nifike, na aniwekee matawi mahali pakavu.